Mwongozo Kamili wa Kukaa Kimya na Kusikiliza Katika Mji Usionyamaza

Watu kadhaa walioniomba niwafundishe kukaa kimya wamenirudia baada ya wiki moja na neno lilelile: "Nimejaribu, nimeshindwa." Mmoja alilala. Mwingine alifungua simu dakika ya tatu. Mwingine aliishia kugombana na kijana wa bodaboda aliyekuwa akipasha injini chini ya dirisha lake.

Wote walikosea mahali pamoja. Walisubiri mji unyamaze kwanza ndipo nao wanyamaze, na Mombasa hainyamazi. Usiku wa manane bandarini Kilindini makontena yanashushwa, na kabla hakujapambazuka kunguru washaanza.

Kimya ninachokieleza hapa hakihitaji mji utulie. Wewe ndiye unayenyamaza, ili usikie: usikie kilicho ndani yako, umsikie aliye mbele yako, na kama una imani, uache kidogo kumwambia Mungu ili nawe uambiwe. Nitakwenda hatua kwa hatua. Hatua ya mwisho, ya kumsikiliza mtu, nimeiandika kwa urefu zaidi kwa sababu ndiyo inayowashinda wengi. Ilinishinda na mimi.

## Vitu vya kuandaa

- Mkeka, mswala au kiti kigumu. Si kitanda wala sofa.
- Saa yenye kengele isiyokuwa simu. Kama huna, zima intaneti na mlio wa simu, tega kengele, kisha iweke nyuma yako. Ikikaa mbele utaiangalia.
- Daftari dogo na kalamu.
- Maji ya kunywa, na leso au kikoi cha kujifunika. Mwili uliotulia hupoa, hasa miezi ya kusi, upepo wa kusini unapovuma.
- Mtu mmoja wa nyumbani wa kumwambia, "Nipe dakika 20." Bila hivyo utaitwa.

Muziki wa polepole hauhitajiki, wala programu ya simu. Udi ukipenda choma, ila uchome mapema, usije ukawa unainuka kila mara kupulizia makaa ya chetezo.

## Hatua ya 1: Chagua saa kabla ya kuchagua mahali

Saa nzuri ni baada ya swala ya alfajiri, au kwa asiyeswali, kati ya saa 11 na nusu na saa 12 na nusu asubuhi. Mombasa iko kama digrii 4 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua letu huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Ukishaizoea saa hiyo haitakuhama, na mwili utaanza kukukumbusha wenyewe.

Usichague baada ya chakula cha mchana. Joto na wali vikikutana hakuna anayebaki macho. Usichague pia dakika za mwisho kabla ya kulala, kwa sababu utakuwa unautafuta usingizi huku ukijidanganya kwamba unatafakari.

Anza na dakika 5 kwa siku tatu, kisha 10, kisha 20. Aliyeanza na saa nzima siku ya kwanza sijamwona akifika siku ya nne.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali, lakini usitafute sana

Nyumbani panatosha: pembe ya chumba, ukumbi, au darini kama nyumba yenu ina dari ya kupanda. Kama una watoto, wakalishe nawe. Mtoto wa miaka 5 huweza kutulia dakika mbili ukimpa kazi ya kuhesabu sauti anazozisikia, naye atakutajia ambazo wewe hukuzisikia.

Ukitaka kutoka, nenda Mama Ngina asubuhi mapema, chini ya mibuyu, mahali meli zinapopita kuingia mlango wa bandari. Msikiti kati ya swala na swala ni mtulivu, na kanisa katikati ya wiki vilevile.

Tahadhari kwa wanaopenda kukaa juu ya mawe ufuoni: maji hujaa kwa takriban saa sita na kupwa kwa takriban saa sita, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Jiwe lililokuwa kavu saa moja asubuhi juzi huenda leo saa hiyo limezungukwa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupanda zaidi. Uliza wavuvi kabla ya kuketi, na kabla hakujakucha usiende peke yako.

## Hatua ya 3: Keti na ushushe pumzi

Keti mgongo ukiwa umesimama bila kukakamaa, mikono juu ya mapaja. Macho yaangalie sakafuni, hatua moja mbele yako, kope zikiwa zimeshuka nusu. Ukiyafumba kabisa usingizi utakujia.

Vuta pumzi kama kawaida, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Fanya hivyo mara 10. Moyo hupunguza kasi kidogo kila unapotoa pumzi, na ndiyo maana mtu akiondokewa na hofu hushusha pumzi bila kufundishwa na yeyote.

Utajua uko sawa mabega yakishuka yenyewe na ulimi ukilala chini mdomoni.

## Hatua ya 4: Sikia ya mbali, ya karibu, kisha ya ndani

Masikio hayana kope. Kwa hiyo usijaribu kuyafunga. Yafungue kwa mpango.

Anza na sauti ya mbali kuliko zote. Kwangu mimi, Mji wa Kale, huwa ni honi ya meli, au adhana zinazopokezana: msikiti mmoja unaanza, wa pili unadakia kabla wa kwanza haujamaliza, wa tatu unakuja kutoka upande ambao sikuutarajia. Kila sauti ipe pumzi moja, kisha iache iende zake.

Baada ya dakika chache rudi karibu. Friji. Tone la maji kwenye tangi. Mlango wa jirani. Mtu anafagia uani kwa ufagio wa njukuti.

Mwisho ingia ndani: pumzi puani, mapigo ya moyo, tumbo.

Utaratibu huu una sababu. Sauti ya mbali haikudai chochote, kwa hiyo ni rahisi kuisikia bila kuijibu. Ukianzia ndani, wazo la kwanza, la kodi ya nyumba au la maneno uliyoambiwa jana, litakuchukua mkono mtokomee.

Kosa la kawaida hapa ni kumhukumu mwenye sauti. "Huyu naye na pikipiki yake!" Ukishaanza kumhukumu mwenye pikipiki, umeacha kuisikia pikipiki. Isikie inavyonguruma, inavyopanda, inavyofifia ikikata kona. Haikukusudia wewe.

Wengine hunijia na wasiwasi kwamba wakitulia husikia mlio mwembamba masikioni, kama mbu asiyeondoka. Wengi huusikia kwenye kimya, zaidi wakiwa wametoka kwenye matatu yenye muziki mkubwa. Uupokee kama sauti nyingine. Lakini ukidumu siku nyingi, ukiwa sikio moja tu, au ukija pamoja na uziwi au kizunguzungu, muone daktari wa masikio.

## Hatua ya 5: Shika pumzi kama mshipi

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Usiku mmoja, nikiwa mdogo, alinichukua hadi kwenye mawe nyuma ya Ngome, ile Fort Jesus. Alitia chambo, akarusha, chubwi likazama, akanipitishia mshipi juu ya kidole cha shahada, akasema, "Haya, sikia." Nikatega sikio upande wa bahari. Akanigusa kidole taratibu: "Hapa, mwanangu."

Kiswahili kinajua jambo hili. Twasema nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia harufu ya udi. Mvuvi humsikia samaki kwa kidole. Nami niliona usiku ule kwamba nikiukaza mshipi simsikii anapodona. Nasikia nguvu za mkono wangu tu. Nikiulegeza, chambo kinaliwa na mimi sina habari.

Baada ya kama dakika 10, ziache sauti zote, ushike pumzi hivyohivyo: usiikaze, usiilegeze. Mawazo yatadona. Utagundua uko sokoni Kongowea unapatana bei ya nyanya. Usijilaumu, wala usilifukuze wazo. Rudi kwenye pumzi inayofuata. Ukitoka mara 40, rudi mara 40. Huko kurudi ndiko kazi yenyewe, na anayerudi mara 40 hajashindwa hata mara moja.

Mwislamu anaweza kushika jina moja la Mwenyezi Mungu, Mkristo neno moja fupi la sala. Mimi nashauri dakika tano za mwisho hata hilo uliache. Tumezoea kufika mbele za Mungu na orodha, tukaisoma, tukasema amina, tukaondoka. Ijumaa, khatibu akiwa kwenye mimbari, hata kumwambia mwenzio "nyamaza" huhesabiwa laghwi, yaani maneno ya upuuzi. Ndivyo kusikiliza kulivyopewa uzito. Na Eliya kule mlimani Horebu alipitiwa na upepo uliopasua miamba, tetemeko, na moto, na Bwana hakuwamo. Ilipokuja sauti ndogo ya utulivu ndipo alipojifunika uso. Mtu anayezungumza muda wote angeikosa.

Usitarajie kuona nuru wala kusikia jina lako likiitwa. Kufaulu hapa ni jambo dogo: kengele inalia nawe hukuwa ukiingoja.

## Hatua ya 6: Kinachopanda juu

Karibu na wiki ya pili watu wengi huacha, wakisema kimya kimewaharibia siku. Sivyo. Maji yakitulia ndipo kilichozama huonekana. Hasira ya zamani hupanda, au aibu, au huzuni ya mtu uliyemzika haraka ukarudi kazini.

Kikipanda, usikifanyie kazi hapohapo. Kipe jina moja tu: "huzuni", "wivu", "hofu". Kengele ikilia andika mstari mmoja kwenye daftari, ufunge. Machozi yakija yaache yatoke.

Hapa nawasihi. Kama kinachopanda ni kumbukumbu ya ukatili unaokutia kiwewe, kama husinzii siku kadhaa mfululizo, kama unasikia sauti zinazokuamrisha au unawaza kujidhuru, acha zoezi hili. Mwambie mtu wako wa karibu leo, na uende hospitali uonwe na mhudumu wa afya ya akili. Imamu au padri ataomba nawe, na ni vizuri aombe, lakini asiwe badala ya daktari.

## Hatua ya 7: Toka polepole

Kengele ikilia usiruke. Pumzi tatu, nyoosha miguu, kunywa maji. Simu isubiri dakika 10 zaidi. Neno la kwanza utakalomwambia mtu baada ya kimya, lisikie likitoka mdomoni mwako. Mimi hupenda liwe salamu.

## Hatua ya 8: Fanya zoezi kwenye feri

Ukiweza kutulia dakika 20 peke yako, peleka kimya chako kati ya watu. Kwa wanaovuka Likoni, feri ni darasa la bure. Simama karibu na ukuta, mkoba mbele yako, masikio wazi bila muziki. Usidukize mazungumzo ya watu. Sikia sauti, usifuate siri.

Ukifika ng'ambo uwe umesikia angalau mambo matatu: injini inapobadilisha mngurumo ikikaribia nchi kavu, chuma cha mlango kinapogusa gati, na nyayo za mamia ya watu zinapoanza kwa pamoja. Wiki nzima ya kufanya hivi itakubadilisha zaidi ya siku moja ya kujitenga mbali na mji.

## Hatua ya 9: Msikilize mtu mmoja mpaka mwisho

Yote yaliyotangulia ni maandalizi. Kama unakaa kimya kila alfajiri na bado mumeo, mkeo au mwanao hawezi kumaliza sentensi mbele yako, rudi hatua ya 4.

Jirani yangu, mama mtu mzima, alifiwa na mwanawe wa kiume. Nilikwenda matangani siku ya tatu, nikaketi jamvini ubavuni pake, nikamshika mkono, nikaanza: subira mama, kazi ya Mungu haina makosa, na mimi nilipofiwa na baba yangu nilikuwa hivi na hivi. Niliyasema kwa moyo safi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mwanangu, kunywa kahawa, inapoa." Nikanywa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba siku ile yeye ndiye aliyenihudumia mimi.

Miezi minne baadaye nilimkuta uani anachagua mchele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikavuta kibao, nikachukua uteo wa pili. Punje zenye maganda upande huu, vijiwe upande ule. Akasema mchele umepanda bei. Nikasema, "Ehe." Tukanyamaza. Akasema mvua mwaka huu imechelewa. Tukanyamaza. Kidole chake kilikuwa kikisukuma punje, kikisimama, kikisukuma tena. Kisha kikasimama kabisa, na bila kuniangalia akasema: "Usiku ule aliniita mara mbili. Nilikuwa nimechoka. Sikuitika."

Nilikuwa na maneno kumi mdomoni. Niliyameza yote, nikabaki na mkono wangu juu ya mchele. Akalia. Akaendelea na mengine, ambayo ni yake. Hili moja ameniruhusu nilisimulie.

Siku hiyo ndiyo iliyonifundisha haya.

Kaa ubavuni, si usoni. Mtu mwenye jambo zito huona haya kutazamwa. Mpe mikono yake kazi: kuchagua mchele, kumenya mbaazi, kukunja nguo, kutembea. Wanaume wengi husema ukweli wao wakiwa wanaangalia mbele, kwenye baraza au garini.

Uliza kwanza anataka nini. "Nikusikilize tu, au unataka tufikirie pamoja?" Swali hili moja huondoa nusu ya makosa. Kwa aliyefiwa usiulize hata hilo. Keti tu.

Akinyamaza, hesabu pumzi tatu. Hii ndiyo siri ya hatua nzima na ndiyo ngumu. Jambo la kwanza analolisema mtu mara nyingi ni mlango. Analotaka kulisema liko nyuma yake. Bei ya mchele ilikuwa mlango, na mvua pia. Ukidakia kwenye mlango, haufunguki. Pumzi tatu zitaonekana ndefu mno kwako, lakini yeye hatazisikia ndefu.

Rudisha neno lake, si lako. Akisema, "Nimechoka," usimwambie, "Unasongwa na mawazo." Sema, "Umechoka," uache.

Jihadhari na vizibo vinne. Ushauri ambao hukuombwa. Mfano wako mwenyewe ("hata mimi..."). Maswali ya kipolisi: lini, wapi, nani alikuwapo. Na dini inayotumiwa kufunga mdomo. Hiki cha nne kinaniuma kuliko vyote, kwa sababu maneno ni ya kweli. Kumwambia mtu mapenzi ya Mungu hayapingwi kabla hajamaliza kulia ni kumfanya aone kwamba machozi yake ni upungufu wa imani. Lisubirishe neno hilo. Atakuja kulisema mwenyewe, na likitoka kwake litamponya.

Linda amana. Ulilolisikia usilibebe hata kwa mumeo au mkeo, hata kwa kikundi cha maombi kwa kisingizio cha kumwombea. Amana ina mpaka mmoja: akikwambia anataka kujiua, au kuna mtoto anayeumizwa, usiahidi kunyamaza. Mwambie waziwazi kwamba utatafuta msaada, na mwende pamoja.

Utajua umemsikiliza kweli akirudia jambo lilelile mara ya pili kwa sauti tulivu zaidi, au akishusha pumzi ndefu, au akikugeukia na kukuuliza habari zako. Kwa Kiswahili kusikilizana ni kupatana, na mara nyingi mapatano huja hivihivi, bila mtu kuyatafuta.

Ukichoka katikati, sema. "Mama, kichwa changu kimejaa, nataka nikusikilize vizuri. Nije kesho baada ya alasiri?" Hilo ni bora kuliko kutikisa kichwa huku akili iko kwenye sufuria ulilobandika.

Ukirudi nyumbani usiyaandike aliyokwambia. Daftari ni la yako wewe. Osha uso, kaa dakika tano, yaache yatulie.

Siku mbili baadaye mpitie tena, mchukulie hata mahamri manne. Usimuulize habari ya yale. Keti. Akitaka kuendelea ataendelea.